Muziki wa vipaza sauti kwenye mechi za raga ligi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Raga ligi ndiyo ipi? Si ile ya Safari Sevens?

Siyo. Raga tuliyoizoea Afrika Mashariki, iwe ya wachezaji 15 au ile ya wachezaji 7 inayochezwa Nairobi kwenye Safari Sevens, ni raga yunioni. Raga ligi ni nduguye, na walitengana zamani kwa ugomvi wa pesa. Mnamo Agosti 1895 vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield vikajitoa kwenye chama cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Wakienda kucheza Jumamosi walipoteza ujira, na wakubwa wa chama hawakutaka kusikia habari ya fidia.

Leo timu ya raga ligi ina watu 13. Trai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, na timu yenye mpira ina nafasi 6 za kukabwa kabla ya kuuachia upande wa pili. Nyumbani kwake ni Yorkshire, Lancashire na Cumbria huko Uingereza, Sydney na Queensland huko Australia, halafu New Zealand, kusini mwa Ufaransa, na Papua New Guinea ambako ndio mchezo wa taifa.

Tofauti hii inagusa muziki moja kwa moja. Raga yunioni ina vituo vingi na virefu: mpira unarushwa kutoka pembeni, skramu, ule msukumano wa wachezaji walioshikana, inapangwa na kupangwa tena. Raga ligi inakwenda mbio, kwa hiyo vituo vyake ni vichache na vyote vinajulikana. Anayepiga muziki anajua nafasi yake ni ipi, na anajua ni fupi.

Muziki hupigwa saa ngapi hasa?

Milango ikifunguliwa kuna muziki wa kawaida wa kusindikiza watu kwenye viti na kwenye vibanda vya chakula. Dakika za mwisho kabla ya mechi sauti hupanda, na timu ya nyumbani huingia kwa wimbo wake, mara nyingi na fataki juu. Mechi ikianza, muziki husubiri: trai ya wenyeji, mchezaji anayetibiwa, refa anayechora mraba hewani kwa vidole kuomba msaada wa refa wa video. Mapumziko yana ratiba yake, na mwisho wa mechi kuna wimbo wa ushindi au, wenyeji wakipigwa, wimbo wowote wa kuwatoa watu nje bila kuwachokoza.

Kipindi cha refa wa video ndicho kinachoonyesha kama mpiga muziki ni fundi au la. Watu elfu kumi na kadhaa wametazama juu kwenye skrini, mpira unarudishwa nyuma na mbele, hakuna ajuaye jibu. Wimbo wa furaha hapo ni kosa, maana trai ikikataliwa utakuwa umewakejeli watu wako mwenyewe. Wengi hupiga mdundo usio na maneno, kisha wanakata jibu likitoka.

Kwa nini unakatwa ghafla mchezo ukirudi?

Kwa sababu ya refa. Katika raga ligi refa anazungumza karibu muda wote: anawaambia walinzi mchezaji ameshakabwa wamwachie, anahesabu zile nafasi 6, anawarudisha nyuma waliosogea. Wachezaji nao wanaitana, huyu anataka mpira kushoto, yule anawapanga walinzi. Muziki ukizidi hapo unavuruga kazi za watu.

Ukizoea mpira wa kikapu wa Marekani, ambako kinanda na ngoma huendelea mpira ukiwa unadundwa, raga ligi itakuonekea kimya. Mimi naona ni utulivu mzuri. Mabega yakigongana unayasikia mpaka jukwaani, na hakuna wimbo unaoweza kushindana na mlio huo.

Timu ya wageni ikifunga trai, wanapiga wimbo gani?

Hakuna. Mtangazaji wa uwanja anasoma jina la mfungaji kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji, basi. Kelele utakayoisikia ni ya mashabiki wa wageni waliojazana upande wao.

Nani alileta mambo haya ya muziki?

Jibu ni refu, maana muziki ulikuwepo kabla ya vipaza sauti kuwa na nguvu. Miji ya raga ligi ya kaskazini mwa Uingereza ndiyo pia miji ya bendi za matarumbeta. Mgodi ulikuwa na timu, na mgodi huohuo au kiwanda cha jirani kilikuwa na bendi. Bendi ikipita uwanjani kabla ya mechi, hilo ndilo lililokuwa tamasha lenyewe.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1996. Kampuni ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, ilikuwa imeahidi ligi ya Uingereza pauni milioni 87, na kwa pesa hizo ikazaliwa Super League, ligi kuu mpya. Mechi ya kwanza ilichezwa Machi 29, 1996 kwenye uwanja wa Charléty mjini Paris, timu ya raga ligi ya Paris Saint-Germain ikiwafunga Sheffield Eagles 30 kwa 24. Msimu ulihamishwa kutoka majira ya baridi kwenda kiangazi. Vilabu vikavaa majina ya wanyama na mashujaa: Bradford Northern wakawa Bulls, Leeds wakawa Rhinos, Wigan wakawa Warriors.

Bradford ndio walioonyesha njia. Uwanja wao wa Odsal ni shimo kubwa, na mwaka 1954 watu 102,569 walihesabiwa humo kwenye marudio ya fainali ya Challenge Cup, kombe la raga ligi la Uingereza, kati ya Warrington na Halifax. Miaka ya tisini ulikuwa umechakaa. Chini ya Peter Deakin, aliyekuwa akisimamia masoko, klabu iliamua kuuza siku nzima badala ya dakika 80 peke yake: wacheza dansi, vikaragosi vya fahali, mtangazaji asiyenyamaza, na muziki kila mwanya. Familia zikaja. Wazee walilalamika kwamba mchezo umegeuzwa sarakasi, ila viti vilijaa, na vilabu vingine vikaiga haraka. Wengine waliiga kelele tu wakasahau kwamba Bradford ya wakati ule ilikuwa pia inashinda mechi.

Na Australia? Kwa nini kila mtu anamtaja Tina Turner?

Kwa sababu alibadilisha sura ya mchezo mzima bila kugusa mpira. Mwaka 1989 ligi ya New South Wales, ambayo ndiyo iliyokuwa ligi kuu kabla ya NRL, ligi kuu ya leo, kuanza 1998, ilimwajiri kwa matangazo yake. Tangazo la kwanza lilitumia wimbo wake "What You Get Is What You See". Kuanzia 1990 wakahamia "The Best", na hapo ndipo mambo yalipowaka.

Fikiria ilivyokuwa. Mchezo wa mitaa ya wafanyakazi wa Sydney, unaojulikana kwa pua zilizovunjika na bia, unamchukua mwanamke Mweusi kutoka Tennessee aliyekuwa anakaribia miaka 50, na kumweka katikati ya wachezaji wakifanya mazoezi. Lengo lilikuwa wazi: wanawake na familia zije uwanjani. Wimbo haukuwa hata wa kwake tangu mwanzo. Uliandikwa na Mike Chapman na Holly Knight, na Bonnie Tyler aliurekodi 1988 kabla yake. Lakini nani anakumbuka? Mwaka 1992 ulitoka tena akiuimba pamoja na mwimbaji wa Australia Jimmy Barnes, na 1993 aliimba mwenyewe uwanjani kwenye fainali kuu, siku Brisbane Broncos walipowafunga St George 14 kwa 6.

Waliokuja baadaye walitembea kwenye kivuli chake. Kati ya 2003 na 2007 NRL ilitumia "That's My Team" ya bendi ya Hoodoo Gurus, ambao waligeuza maneno ya wimbo wao wa 1987, "What's My Scene". Ulikuwa wimbo mzuri wa uwanjani, kiitikio kifupi, mtoto anaukamata mara moja. Hata hivyo mwaka 2020 ligi ilipotaka tangazo kubwa ilirudi kwa Tina Turner yuleyule.

Ni kweli wanaimba wimbo wa kanisani kwenye fainali ya Uingereza?

Kweli kabisa, na wewe unaufahamu. Ni ule tuuitao "Kaa Nami", ambao makanisa mengi ya kwetu huuimba jioni na msibani. Maneno ya asili ni ya mchungaji Henry Francis Lyte, aliyeyaandika 1847 akiwa mgonjwa, na muziki wake ulitungwa na William Henry Monk mwaka 1861. Kwenye fainali ya kombe la soka la Uingereza unaimbwa tangu 1927. Raga ligi iliuchukua 1929, fainali ya Challenge Cup ilipochezwa Wembley kwa mara ya kwanza na Wigan wakawafunga Dewsbury 13 kwa 2.

Watu huuliza kwa nini wimbo wa kifo kabla ya mechi. Kumbuka mwaka wenyewe. Mwaka 1929 vita kuu ilikuwa na miaka 11 tu tangu iishe, na miji iliyotuma timu Wembley ilikuwa pia imetuma vijana wake Ufaransa. Umati ule ulikuwa na wajane na ndugu waliobaki. Siku hizi mwimbaji mmoja husimama katikati ya uwanja na maikrofoni, mashabiki wa pande zote mbili wanaimba, na spika hapo zinatakiwa ziwe chini kuliko watu. Mafundi wakizipandisha sana, mwimbaji anawatangulia watu kwa nusu beti na wimbo unavunjika.

Kila klabu ina wimbo wake?

Nyingi zina, na nyimbo zenye nguvu zaidi hazikuchaguliwa na ofisi ya klabu.

Mfano bora ni mji wa Hull, wenye timu mbili zisizopatana. Mashabiki wa Hull FC huimba "Old Faithful", wimbo wa mchunga ng'ombe wa Kimarekani anayemwimbia farasi wake mzee. Ulishika miaka ya thelathini kwa heshima ya mchezaji wao Joe Oliver, ambaye hakuwaangusha. Wapinzani wao Hull KR, wanaovaa nyekundu na nyeupe na kuitwa Robins kwa jina la yule ndege mwenye kifua chekundu, huimba "When the Red, Red Robin", wimbo wa 1926. Nyimbo mbili za zamani zilizosahaulika kwingine, na kwenye bandari moja ya Yorkshire watu wazima wanazililia.

St Helens, kwa kuwa jina lao la utani ni Watakatifu, huimba "When the Saints Go Marching In". Timu kadhaa za soka na raga duniani zinaudai huohuo, lakini ukisimama na mashabiki wao usiseme hivyo.

Sydney, mashabiki wa South Sydney Rabbitohs wana "Glory, Glory to South Sydney". Msomaji wa Kenya atashtuka, maana muziki wake ni uleule wa "Solidarity Forever" ambao walimu na wahadhiri huimba wakiwa kwenye mgomo. Ni wimbo wa askari wa Marekani wa karne ya 19 uliotembea dunia nzima, kila mtu akiupachika maneno yake.

Basi klabu ikicheza wimbo huo kwenye spika, si ndiyo vizuri?

Hapa nina msimamo. Wimbo ulioanzishwa na mashabiki ukipigwa kwenye spika kila baada ya trai, baada ya misimu michache mashabiki wanaacha kuuanzisha. Wanasubiri mashine. Siku mashine isipopiga, kimya. Wimbo wa jukwaani unahitaji kusuasua: mtu mmoja anaanza pale nyuma, safu yake inadakia, unakufa, unaanza upya upande wa pili kwa kasi nyingine. Rekodi haisuasui. Ina kasi moja, inaanza pale mtu alipobonyeza na inaisha pale alipobonyeza.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Kwenye klabu mpya au uwanja mkubwa wenye viti vitupu, hakuna sauti ya kutosha kuanzisha chochote, na bila spika watoto wasingejifunza wimbo hata kidogo. Nakubali. Basi ipigwe mara moja timu ikiingia, kisha mashabiki waachiwe wimbo wao.

Ile baragumu ya Canberra ni nini?

Ni pembe kubwa inayopulizwa kabla ya mechi za Canberra Raiders, timu ambayo nembo yake ni mwanajeshi wa Viking. Watu wananyanyua mikono, pembe inalia, makofi yanapigwa kwa pamoja polepole kisha kwa kasi. Walianza 2016 baada ya dunia kuwaona mashabiki wa Iceland kwenye Euro ya mwaka huo. Anayepuliza mara nyingi ni mchezaji wa zamani au mgeni wa heshima. Ni jambo la kuigwa waziwazi, lakini limeshika, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mikono ya watu.

Nyimbo za taifa na ngoma za jadi nazo huingia hapa?

Zinaingia, na ndipo palipo na ubishi. Kwenye State of Origin ya 2019, ile michuano ya majimbo ya New South Wales na Queensland iliyoanza 1980, wachezaji kadhaa wenye asili ya wenyeji wa Australia walisimama midomo imefungwa wakati wimbo wa taifa ukiimbwa. Kwao maneno ya kuiita nchi hiyo changa yalikuwa yanafuta maelfu ya miaka ya mababu zao. Mwaka 2020 wasimamizi wa mchezo walitangaza wimbo huo hautapigwa kabla ya mechi hizo. Waziri mkuu Scott Morrison akaingilia, uamuzi ukageuzwa haraka. Januari 1, 2021 serikali ilibadilisha neno lenyewe: nchi "changa na huru" ikawa nchi "moja na huru".

Kwa timu za Pasifiki mambo ni tofauti. Ngoma za jadi kama Haka ya New Zealand, Sipi Tau ya Tonga na Siva Tau ya Samoa hazihitaji muziki wowote, na mpiga muziki mwenye adabu huzima kila kitu. Wachezaji wa Fiji huimba pambio kwa lugha yao kabla ya mechi, sauti tatu au nne zikipishana bila ala. Kama hujawahi kusikia, tafuta Kombe la Dunia la 2017.

Imewahi kuharibika vibaya?

Oktoba 2002, fainali kuu ya NRL kati ya Sydney Roosters na New Zealand Warriors. Mwimbaji wa roki Billy Idol aliletwa kutumbuiza, umeme wa jukwaa ukakatika. Akabaki amesimama mbele ya uwanja mzima, maikrofoni haina sauti. Roosters walishinda 30 kwa 8, lakini mpaka leo mwaka huo ukitajwa watu wanaanza na Billy Idol.

Mwaka 2017 tatizo halikuwa la umeme. Rapa wa Marekani Macklemore alialikwa kwenye fainali kuu na ikajulikana ataimba "Same Love", wimbo unaotetea ndoa za jinsia moja, wakati Waaustralia wakiwa katikati ya kura ya posta kuhusu jambo hilohilo. Waziri mkuu wa zamani Tony Abbott alisema michezo iachwe iwe michezo. Ligi haikurudi nyuma, wimbo uliimbwa, na ukapanda hadi kileleni mwa chati ya iTunes ya nchi hiyo.

Wakati wa korona walipigaje?

NRL ilirudi Mei 28, 2020 bila watu viwanjani, na waliotazama nyumbani walisikia kelele za mashabiki zilizorekodiwa. Fundi alikuwa anapandisha na kushusha kadiri mchezo unavyokwenda. Wengine walizima sauti ya televisheni. Ilionekana wazi kwamba umati hutangulia: unanusa hatari sekunde moja kabla haijatokea, na fundi aliyekaa studio daima alichelewa.

Mbona nikikaa mwisho wa uwanja wimbo unakuja mara mbili?

Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde. Uwanja wa raga ligi una mita 100 kutoka mstari wa trai mmoja hadi wa pili, ongeza majukwaa. Ukiwa mita 170 kutoka kwenye spika za mbali, zinakufikia nusu sekunde baada ya kulia, wakati spika ya juu ya kichwa chako imekwisha kusema. Viwanja vipya hutawanya spika ndogo nyingi chini ya paa na kuzichelewesha kwa hesabu, ili zote zikufikie kama sauti moja. Viwanja vya zamani vilikuwa na pembe chache za chuma zilizofungwa juu ya nguzo, ndiyo maana mtangazaji alikuwa anasema polepole kama kasisi.

Zile spika kazi yake ni burudani tu?

Burudani ni kazi ya pili. Mei 11, 1985 uwanja wa soka wa Valley Parade mjini Bradford uliungua mechi ikiendelea, watu 56 wakafa. Timu ya soka ikahamia kwa muda Odsal, kwa jirani zao wa raga ligi. Baada ya moto ule, na baada ya maafa ya uwanja wa soka wa Hillsborough mwaka 1989, usalama wa viwanja Uingereza ulikazwa sana, na mfumo wa matangazo ukawa sehemu ya usalama: tangazo la dharura lazima liweze kukata muziki na lisikike maneno yake kila jukwaa. Mkuu wa usalama akisema zima, DJ hana mjadala.

Sauti inaniumiza masikio. Nina haki ya kulalamika?

Unayo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Mwongozo si sheria ya kila nchi, lakini ukiandika barua kwa klabu utaje, watakusikiliza tofauti. Kwa mtoto mdogo, chukua vifunika masikio. Usimkalishe chini ya spika halafu umlaumu DJ. Baadhi ya viwanja sasa vina chumba tulivu kwa watoto wanaosumbuliwa na kelele, kwa hiyo uliza wakati wa kununua tiketi.

Klabu hulipa kupiga nyimbo za watu?

Hulipa. Uingereza kuna leseni moja, inayotolewa na PPL PRS, ya watunzi na ya wenye rekodi kwa pamoja. Australia kazi hiyo inafanywa na OneMusic. Kuwa umelipia wimbo kwenye simu yako hakukupi ruhusa ya kuupigia watu elfu kumi. Kwetu ni hivyohivyo: Tanzania uanzie kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, Kenya mashirika ya kukusanya mirabaha yenye leseni ya KECOBO, bodi ya hakimiliki. Waandaaji wengi wa bonanza hudhani hili haliwahusu mpaka mtu wa mirabaha anapokuja mlangoni.

Nimepewa kazi ya kupiga muziki kwenye mashindano ya raga mtaani kwetu. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua mchezo. DJ mzuri wa harusi asiyejua raga atapiga wimbo mchezaji akiwa amelala na shingo imeumia. Kaa karibu na mtu anayejua ishara za refa mpaka uzijue mwenyewe.

Kata nyimbo zako kabla ya siku yenyewe. Baada ya trai una sekunde chache za kilele, kwa hiyo wimbo uanze kwenye kiitikio, siyo kwenye utangulizi wa gitaa wa nusu dakika. Andaa vipande vifupi, na kila kimoja uwe umekisikiliza mpaka mwisho, maana matusi hujificha kwenye beti la pili. Chunguza pia mwimbaji ni nani. Mwaka 2006 ligi ya NFL ya Marekani iliziomba timu zake ziache "Rock and Roll Part 2" ya Gary Glitter, wimbo uliokuwa kila uwanja, baada ya mwimbaji kutiwa hatiani kwa kudhulumu watoto.

Jaribu spika uwanja ukiwa mtupu, kisha tembea mpaka kwenye kiti cha mbali kabisa usikilize. Hakikisha maikrofoni ya mtangazaji inaweza kukukata wakati wowote. Mpigaji akiweka mpira chini apige mkwaju wa baada ya trai, shusha. Na usipige wimbo wa kumdhihaki mchezaji wa wageni aliyetolewa nje dakika 10. Jukwaa litamzomea lenyewe, na likizomea jukwaa hakuna wa kuandikiwa barua.

Nasikia king'ora mwisho wa kila kipindi. Ni sehemu ya muziki?

Hapana, hicho ni cha watunza saa, na mpiga muziki hakigusi. Dakika 40 zikifika kinalia kwenye spika, lakini mchezo hauishi hapo. Unaendelea mpaka mchezaji akabwe au mpira ufe. Ndiyo maana wachezaji wa raga ligi wakikisikia hawasimami. Wenye mpira wanaanza kuurusha kama wendawazimu.

Septemba 2000, uwanja wa Knowsley Road, Bradford wakiongoza 11 kwa 10 dhidi ya St Helens, muda ulikuwa umekwisha. Mpira ukazunguka uwanja mzima, mkono kwa mkono, kulia na kushoto, ukamfikia Dwayne West pembeni, naye akaurudisha ndani kwa Chris Joynt akafunga trai. Mkwaju wa baada ya trai ukaongeza pointi 2, na St Helens wakashinda 16 kwa 11.